Sifuri za Mtego wa Saba

Aprili 6
Muuza mbolea amegawa madaftari kwenye kituo chetu cha kilimo, kila ukurasa una picha ya gunia lake. Wenzangu wamewapelekea watoto wao wachoree. Mimi langu nitaliandikia yale yasiyoandikika kwenye rejesta.

Rejesta ni ya mitego. Mitego iko saba, kuanzia bondeni hadi mashamba ya juu: chupa ya plastiki iliyopakwa rangi nyekundu, ndani kichupa cha spiriti cha kumvuta mdudu, chini maji ya sabuni ya kumzamisha. Mdudu mwenyewe tunamwita bungua. Mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi, anatoboa tunda la kahawa na kutaga humo humo. Kila Jumatatu nazunguka, nahesabu waliozama, naandika. Mwaka wa ishirini na sita huu. Leo ndiyo tumefungua msimu wa kusoma, maana kalenda ya kituo inasema Jumatatu ya kwanza ya Aprili, na hiyo kalenda niliikuta ukutani siku ninaajiriwa.

Wa kwanza 41. Wa pili 38. Wa tatu 22. Wa nne 19. Wa tano 7. Wa sita 2. Wa saba sifuri.

Wa saba sikwenda. Haya, nimeshasema. Uko juu ya tangi la maji, mwendo wa saa moja na nusu wa kupanda, na goti langu la kulia limekufa tangu mwaka juzi; chupa ya huko ni ile ile niliyoiacha nilipopanda mara ya mwisho. Nikisema goti bovu, mkuu wa kituo atanistaafisha kesho asubuhi, na mimi nimebakiza miaka miwili. Na kwani huko juu kuna nini? Kila mtu hapa anajua bungua anaishia kwenye tangi. Miaka yote niliyopanda kwa miguu yangu mwenyewe, sifuri. Sioni dhambi ya kuandika mezani kitu ambacho ningekiandika mlimani.

Aprili 8
Kaja shemeji. Mke wa marehemu mdogo wangu, na shamba lenye mtego wa saba ni lake. Yule hafiki kimya kimya. Alianza kelele kabla hajaushika mlango.

"Shemeji! Unapita shambani kwangu kama mwizi. Jumatatu kutwa nasubiri nikuone, hupo. Hata chai hunywi. Unaogopa limbwata?"

"Napita alfajiri, wewe unakoroma."

"Mimi nakoroma? Marehemu mdogo wako ndiye aliyekuwa anakoroma mpaka kuku wanahama."

Tukacheka. Kisha akaniuliza kilichomleta. Desemba ilinyesha siku nne mfululizo, wakati ambao mvua haina kazi huku. Mibuni ikadanganyika ikatoa maua, si mengi, tawi hapa tawi pale. Sasa maua ya kweli ya Machi ndiyo kwanza yamepukutika, na yale ya Desemba tayari yana matunda yanayokaribia kukomaa.

"Majirani zangu wa chini ya tangi wanayachuma yote wanayazika. Na mimi nichume, au niyaache yaive?"

"Wa chini wana bungua. Wewe una nini? Mtego wako sifuri."

"Una hakika? Unajua kaka yako alivyoniapia."

Najua. Nilikuwepo. Ardhi ile ni ya baba yetu. Baada ya mazishi kaka mkubwa alisema hawezi kumwachia mwanamke shamba liwe pori, akampa msimu mmoja, huu. Kiwanda kikiipokea kahawa yake, ukoo utamwandikia shamba yeye na binti yake. Kikiikataa, shamba linarudi "nyumbani", na nyumbani maana yake ni kwa kaka.

"Yaache," nikamwambia. "Hiyo ni nyongeza, Mungu kakupa."

Aliondoka anaimba.

Aprili 13
Wa sita 3. Wa saba sifuri.

Aprili 20
Mvua kutwa. Wa sita 5. Wa saba sifuri.

Aprili 27
Wa sita 4. Wa saba sifuri. Mkuu ametia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, huku anaongea na simu.

Mei 5
Tumeletewa bibi shamba mpya. Mtoto wa juzi, ana viatu vya mvua vya manjano na maswali kama ya askari. Ameikalia rejesta yangu asubuhi nzima.

"Mzee wangu, kwa nini tunaanza kusoma Aprili?"

"Ndiyo kalenda."

"Mvua ya kwanza ya mwaka ilinyesha Februari. Bungua akisikia unyevu anatoka kwenye matunda makavu ya mwaka jana. Tunapotundika chupa, ameruka miezi miwili. Nani alimwambia mdudu atusubiri?"

Mkuu akacheka. Mimi sikucheka. Miaka ishirini na sita, na mtu aliyezaliwa nikiwa tayari natembea na kalamu sikioni anakuja kunifundisha mvua.

Mei 11
Wa sita 11. Wa saba sifuri.

Mei 18
Wa sita 17. Wa saba sifuri. Joto. Zamani mwezi huu tulikuwa tunavaa makoti.

Mei 25
Wa sita 31.

Nilihesabu mara tatu, nikawamwaga kwenye karatasi nyeupe nikahesabu tena. Thelathini na mmoja, na mtego wa sita uko hatua mia mbili chini ya tangi. Nikasema leo napanda, goti lipende lisipende. Nilifika kwenye tangi nikiwa nakokota mguu. Nikakaa juu ya bomba. Ng'ambo ya korongo niliiona ile chupa nyekundu ya saba, inaning'inia pembeni mwa shamba la shemeji, mbali na nyumba yake. Ilibaki kushuka korongo na kupanda upande wa pili. Nilikaa pale mpaka jasho likakauka. Kisha nikarudi chini.

Niliandika sifuri. Ningeandika nini, "sijui"? Rejesta haina nafasi ya sijui.

Juni 1
Wa sita 36. Wa saba sifuri.

Juni 8
Bibi shamba ameniuliza: "Mzee wangu, huku thelathini na kitu, ukivuka tangi sifuri tupu. Kuna ukuta pale?" Nikamwambia kuna baridi. Akasema jana juu kule alipima joto likawa sawa na la hapa miaka kumi iliyopita. Nikamwambia mimi sipimi, mimi nahesabu. Jibu zuri sana lile. Nimelirudia moyoni njia nzima na kila nikilirudia linazidi kunuka.

Juni 15
Wa saba sifuri.

Juni 22
Wa saba sifuri. Shemeji kanitumia salamu kwamba matunda ya Desemba yanaanza kuwa mekundu, nipite niyaone. Sikupita.

Julai 6
Leo nimeumbuliwa.

Nilikuwa chumbani najifunga bendeji gotini, mlango ukagongwa mara moja tu ukafunguliwa. Bibi shamba. Mkononi ameshika chupa nyekundu, ameikamata shingoni. Akaiweka mezani juu ya rejesta.

"Hodi baadaye, mzee wangu, samahani. Huu ni mtego wa saba."

Ndani hamna maji. Hamna spiriti. Kichupa kimekauka mpaka kimepasuka, na nyigu wamejenga. Kiota kizima, na watoto wao wameshakua wameondoka.

"Nyigu hawa wamekaa humu tangu mwaka jana," akasema. "Kwenye rejesta wewe umeusoma Jumatatu kumi na tatu msimu huu."

Ningeweza kubisha. Mdomo ninao. Lakini bendeji ilikuwa bado mkononi na mguu uko juu ya kiti, umevimba.

"Goti," nikasema.

Nilitegemea afoke. Alikaa kitandani pangu, akatoa kwenye mfuko wa koti kifurushi cha matunda ya kahawa na kisu kidogo, akaanza kupasua moja moja mbele yangu. Yalikuwa ya Desemba, ya shemeji. Tundu kitakoni, unga wa kahawa umemwagika, ndani bungua na watoto wake. Akapasua la pili. La tatu. La nne lilikuwa zima, la tano bungua.

"Nimepasua mia pale shambani. Sitini na tatu yana mdudu."

"Amepandaje huko juu?"

"Hajapanda leo. Miaka yote alikuwa anafika." Alikuwa anaongea polepole kama mtu anayemfundisha babu yake simu. "Anaruka, upepo unambeba, anafika. Lakini alikuwa anakuta tunda la juu bado maji matupu, halina punje ngumu ya kutagia. Huko juu maua yalikuwa yanachelewa. Kwa hiyo anakufa na njaa, na wewe unahesabu sifuri, na ilikuwa sifuri ya kweli. Mwaka huu mvua ya Desemba imetoa maua mapema. Amefika Aprili, amekuta tunda gumu, na hakuna baridi ya kumzuia. Amezaa humo miezi mitatu. Matunda ya Machi sasa hivi ndiyo yanakomaa, na watoto wake wanahamia huko."

"Kwa hiyo yale ya Desemba yangechumwa Aprili..."

"Yangechumwa Aprili, asingekuwa na daraja."

Alipoondoka aliiacha chupa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yangu, kifo kimekwenda kwa mwingine.

Julai 7
Nimepanda. Mwendo wa saa tatu na nusu kwenda tu. Nilikaa njiani mara nyingi sana, na kwenye korongo nilishuka kwa makalio, mzee mzima.

Shemeji alikuwa anapalilia. Aliponiona akaangusha jembe.

"Makubwa! Leo jua limetokea magharibi? Mbona unachechemea?"

Nikamwambia palepale, nimesimama, kwa kuwa nilijua nikikaa nitatafuta maneno mengine. Nikamwambia kuhusu goti. Nikamwambia sijakanyaga hapa msimu mzima, wala uliopita. Nikamwambia zile sifuri nilikuwa naandika mezani kwangu, na matunda yake ya Desemba yamejaa bungua, na wanahamia kwenye mavuno.

Akauendea mbuni wa karibu, akachuma tunda, akalipasua kwa meno. Akalitema mkononi akalitazama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilishuka kwa miguu yangu mpaka kwako nikakuuliza, nichume au niache."

"Ndiyo."

"Ukaniambia Mungu kanipa."

Nilitaka anitukane. Mwanamke yule ana matusi ya kutosha mtaa mzima, na hakunipa hata moja. Akaingia ndani akatoka na ndoo mbili, moja akaiweka miguuni pangu. Tukachuma matunda ya Desemba mpaka jua linazama, tukayamwagia maji ya moto kwenye pipa. Hakuongea nami. Nikimpa ndoo iliyojaa anaipokea bila kuniangalia.

Nimelala huku kwenye stoo yake ya magunia. Goti limekuwa kama boga. Naona aibu, na aibu haisaidii kitu.

Julai 9
Siku tatu tumechuma. Tumemaliza. Bibi shamba alikuja kusaidia na leo amepasua matunda ya Machi: kati ya mia, kumi na tisa. Bado wanaingia.

Julai 13
Nimekwenda kwa mkuu na rejesta, nikamwambia ukweli, nikamwomba anipe kalamu nyekundu nifute sifuri zangu. Alifunga mlango kwanza.

"Unajua hizi zimekwenda wapi? Zimekwenda makao makuu. Zimechorewa ramani. Mashamba ya juu ya tangi yametangazwa hayana mdudu, kwa sahihi yangu. Sasa unataka niseme nilisaini uongo wiki kumi na tatu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Goti lako lina nini?" akaniuliza ghafla. Nikamwonyesha. Akalitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole sana. Tutakupa kazi ya ofisini. Ya mezani. Miaka yako miwili utaimaliza vizuri. Na rejesta tuiache ilivyo."

Nilipaswa kukataa. Nilisema asante.

Agosti 3
Nasoma barua zinazoingia na kuzigonga muhuri. Mtego wa saba haujatundikwa tena.

Agosti 17
Bibi shamba amehamishwa. Barua yake ya uhamisho nimeigonga muhuri mimi mwenyewe. Nikamwambia asubiri, kaka yangu ataitisha kikao cha familia baada ya mavuno, aje aeleze. Akasema, "Mzee wangu, mimi nimekaa hapa miezi mitatu, wewe miaka ishirini na sita. Wakikukataa wewe watanisikiliza mimi?" Alikuwa amekasirika, na si mimi tu niliyemkasirisha. Viatu vyake vya manjano ameviacha stoo.

Agosti 31
Matunda ya shemeji yanaanguka kabla ya kuiva. Anayaokota kila asubuhi anayatia kwenye pipa. Nimekwenda mara mbili kumsaidia. Zamani alikuwa ananiita shemeji kila neno la tatu. Sasa hivi haniiti chochote.

Septemba 14
Kati ya mia, arobaini na nne.

Oktoba 5
Kiwanda kimeipima kahawa yake. Mpimaji alizamisha mkono kwenye gunia akatoa konzi moja, akaitawanya kwenye sinia, hakuhitaji hata miwani. Magunia yote yamerudishwa.

Oktoba 18
Kikao. Sebuleni kwa kaka mkubwa, makochi yana nailoni bado. Baba mdogo, kaka, mimi, binamu wawili, na shemeji kwenye kigoda karibu na mlango.

Kaka hakupandisha sauti. Alitoa barua akaisoma. Ni ya kituo, ina muhuri, inathibitisha kwamba kwa kumbukumbu za mitego mashamba yote juu ya tangi hayana bungua. Tarehe ya wiki iliyopita. Mkuu alimwandikia alipoiomba.

"Mdudu hayupo," kaka akasema. "Kahawa imeoza. Basi ni nini, kama si uzembe? Jirani anapalilia, yeye analala. Sisemi kwa ubaya."

Nikasimama. Nikasema mdudu yupo, barua inatokana na rejesta, rejesta nimeiandika mimi, na nimeidanganya. Nikaeleza yote: goti, meza, nyigu, Desemba. Nikasema shemeji aliniuliza na mimi ndiye niliyemwambia aache matunda, kwa hiyo kama kuna mzembe ni mimi.

"Kaa chini," kaka akasema taratibu. "Goti litakuumiza."

Baba mdogo akakuna kidevu. "Mwanangu, sifuri hizi umeandika tangu Aprili. Leo Oktoba ndiyo unasema zilikuwa uongo. Kwa nini tuamini la leo tusiamini la Aprili?"

Binamu mmoja akasema, "Au una yako na shemeji yako?" Wakacheka wote, hata baba mdogo.

Shemeji akainuka kwenye kigoda. "Huyu mimi simtaki hata abaki mwanaume peke yake duniani," akasema. "Amenimaliza. Lakini leo anasema kweli."

Kaka akaikunja barua, akaipitisha kidole kwenye muhuri. "Hii ina muhuri," akasema. "Ninyi mna nini?"

Shamba limerudi nyumbani.

Oktoba 24
Nimekwenda kumsaidia shemeji kufunga mizigo. Anahamia kwa dada yake, binti atamkuta huko shule zikifungwa. Vitu si vingi: vyombo, magodoro mawili, koti la mdogo wangu. Nikabeba ndoo, akaninyang'anya, akasema goti. Hakusema kwa ukali.

Gari lilipofika aliongea, mara ya kwanza tangu Julai kuongea nami zaidi ya neno moja.

"Kinachoniuma si mdudu. Ungeniambia tu goti linakuuma. Ile chupa iko shambani kwangu, hatua mia nne kutoka mlangoni. Ningehesabu mwenyewe. Macho ninayo."

Nilikuwa nimemkataza kuigusa. Nilimwambia ni mali ya kituo.

Oktoba 26
Jioni kaka mkubwa kanitembelea chumbani. Ameleta sukari kilo mbili. Alikaa, akauliza hali ya goti, akazunguka zunguka, kisha akatoa kijitabu na kalamu.

"Huko juu bungua anaruka lini? Nataka nianze kupulizia kabla hajaingia."

"Bungua gani? Barua inasema hayupo."

"Acha utoto. Nimepasua matunda mwenyewe tangu mwezi wa nane. Nilijua kabla hujasimama."

Nilimwangalia. Hakuinamisha macho wala nini. Zile sifuri nilidhani nilimdanganya nazo kila mtu. Kumbe yeye zilimfaa tu, akazichukua kama mtu anavyookota kuni zilizokatwa na mwenzake.

"Panda ukahesabu," nikamwambia.

"Kama ulivyopanda wewe?"

Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi, anasubiri. Nikamwambia atundike chupa mwisho wa Januari, apulizie wiki ya pili baada ya mvua ya kwanza, na Desemba ikinyesha tena achume matunda yake yote mapema, asiache hata moja. Akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri. Akaniomba nirudie lile la Desemba, nikarudia.